Siku Goli Lilipohama Jibondo

Nyie mnaopiga picha kwa simu, tuelewane kwanza. Sina ugomvi na simu zenu. Mjukuu wangu Rehema anayo moja, kali kwelikweli, anamwelekezea kuku anayekimbia na kuku anatoka mpaka unyoya unauhesabu. Ugomvi wangu ni midomo yenu. "Babu, eti enzi zenu mlikuwa mnazungusha lenzi kwa mkono? Mlikuwa hamchoki?" Tulichoka, tena sana. Sasa kaeni niwaambie, na atakayenikatiza atatoka nje.

Mimi Bakari, mzaliwa wa kisiwa kidogo cha Jibondo, nimepiga picha za ofisi ya wilaya hapa Kilindoni, Mafia, tangu sina ndevu mpaka nikastaafu na ndevu nyeupe. Mikutano nimepiga, mashamba ya kijiji cha ujamaa nimepiga, wageni wakikata utepe nimewapiga mpaka nikichungulia dukani nikaona utepe tu nasikia kichefuchefu. Lakini roho yangu ilikuwa kwenye michezo. Mpira, mbio za wanafunzi, hata kuvuta kamba. Na mchezo huwezi kuusogelea, mwamuzi atakufukuza. Lazima uwe na lenzi ndefu, ile inayomvuta mtu wa mbali akawa kama mmekaa naye barazani.

Lenzi yetu ya milimita mia mbili haikuwa na akili yake. Akili ilikuwa kwenye mkono wako wa kushoto. Shingoni ilikuwa na pete. Ukiizungusha huku, wa mbali anakuwa safi na wa karibu anageuka moshi. Ukiizungusha kule, kinyume chake. Na lenzi ndefu ina uchoyo, jamani! Inamwonyesha safi mtu mmoja tu, yule aliye umbali uleule ulioutega. Akisogea hatua mbili mbele yako, kwisha habari yake.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Shaibu, mpiga picha wa wilaya kabla yangu. Mtu mfupi, kofia ya viua kichwani, hasira puani. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anafuta lenzi kwa kipande cha khanga kuukuu.

"Kwenu Jibondo kazi yenu nini?"

"Mshipi, mzee. Tunavua kwa mshipi."

"Samaki akila chambo huko chini, unamwona?"

"Simwoni. Namsikia kidoleni."

"Basi kazi unaijua. Kilichobaki ni kukutoa harufu."

Nilidhani ananitania. Kumbe kwenye harufu alinitania, kwenye kidole alisema kweli.

Miaka ile vitu vilikuwa vimeadimika. Sabuni ukiipata unaificha. Mkanda wa filamu ulikuja kwa barua na muhuri, na ukija lazima utoshe mikutano yote na wageni wote. Ndiyo maana Mzee Shaibu alinifundisha "kupiga tupu". Unashika kamera haina mkanda ndani, unamfuata mtu anayetembea, unazungusha pete mpaka anakuwa safi, unabonyeza. Chak! Hakuna picha. Unaanza tena. Nilipiga tupu mbuzi, kuku, baiskeli na watoto wa madrasa wakitoka mbio. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, na kila nikibonyeza aliuliza swali moja tu.

"Umempata?"

"Nimempata, mzee."

"Mwongo. Rudia."

Nilishangaa anajuaje na amenipa mgongo. Nikaanza kudhani ana ujini. Baadaye sana ndiyo akaniambia: alikuwa anaisikiliza pete. Pete ile ilikuwa na mlio mdogo, kama mchanga kwenye bawaba. Mtu anayetafuta, pete yake inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi. Anayejua, pete yake inakwenda mara moja na kusimama. Shikeni hilo, maana hata kamera za sasa zina pete ukitaka kuitumia. Usimkimbize mtu kwa pete, mtangulie. Tega pale atakapofika, bana viwiko mbavuni, shusha pumzi, mngoje. Na usiangalie mpira, angalia kifua cha mwenye mpira. Jezi ikiwa na namba, namba ikisomeka, uso nao umo.

Kuna likizo moja alinipa kamera niende nayo nyumbani Jibondo, ndani ya bati la biskuti lenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Kwetu hakuna maji ya kunywa ya maana, yalikuwa yanaletwa kwa mashua kutoka Mafia kubwa. Mashua ikifika, kina mama wanapanda mchanga na madebe kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, mwendo mmoja. Nikasema, hawa hawa! Nikakaa kwenye jiwe nikawa nawapiga tupu kuanzia majini mpaka mlangoni. Bi Tatu, jirani yetu, akasimama na debe lake kichwani.

"We Bakari, unatutumbulia nini na bomba hilo?"

"Nafanya mazoezi, bibi."

"Mazoezi ya macho? Njoo ubebe debe hili ufanye ya shingo!"

Nilibeba. Madebe sita. Lakini nilirudi Kilindoni na mkono mpya. Nilikuwa nimechukua kipande cha mshipi, nikapiga vifundo vile tunavyopiga kujua kina cha maji, nikakigandisha kwenye pete kwa plasta ya zahanati. Kidole kikigusa kifundo kimoja, ni pima tano, pima ikiwa urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Viwili, pima kumi. Vitatu, kumi na tano. Sikuwa na haja ya kutafuta tena kwa jicho. Nikimwona mtu yuko pima kumi, kidole kinakwenda chenyewe. Mzee Shaibu aliipapasa ile kazi muda mrefu, akasema, "Kumbe una akili, umeificha wapi siku zote?" Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa sifa ya mwaka mzima.

Sasa nifike pagumu. Siku moja nilimletea picha ya wanafunzi wanaokimbia, nimeisafisha mwenyewe, bado mbichi. Akaishika, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Safi. Miguu imekaa vizuri."

Picha ilikuwa juu chini. Watoto wanakimbia vichwa viko chini na miguu iko mbinguni. Nilitaka kucheka, sikucheka. Nikaichukua taratibu, nikaigeuza, nikamrudishia. Hakuona tofauti. Mwisho akasema mwenyewe.

"Umenijua."

"Nimekujua, mzee."

Mtoto wa jicho. La kulia lilikuwa limeshafunga, la kushoto lilibaki na uwezo wa kuona kitu kilicho shibiri moja mbele yake. Daktari alimwambia aende Dar es Salaam akapasuliwe, na hakumwahidi kitu. Ndiyo maana alikuwa ananipa mgongo. Hakuwa na sababu ya kugeuka.

Hakunisihi nisiwaambie ofisini. Alinisihi nisimwambie mtu mmoja tu, mwanawe wa pekee, Kombo. Kombo alikuwa golikipa wa timu ya Kilindoni, kijana mrefu, mikono kama makasia. Alikuwa amepata kazi kiwandani Dar, na timu ya kiwanda inamngoja. Angeondoka Ijumaa ya wiki iliyofuata. "Akijua, hatoondoka," Mzee Shaibu aliniambia. "Atakaa hapa kunishika mkono kunipeleka msikitini. Sitaki. Niapie." Nikaapa.

Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. "Nimepiga watoto wa watu wote wa kisiwa hiki. Wangu alipoanza kudaka, macho yakawa yanakwenda. Sijapata kumwona akidaka hata siku moja. Nipigie picha moja, Bakari. Safi. Niwekee hapa," akagusa chini ya jicho la kushoto, "niitazame kwa kioo cha kukuzia kabla na hili halijafunga."

Na Kombo mwenyewe, masikini, alikuwa na yake. Nilikutana naye sokoni amevimba.

"Huyo mzee wako wa kazini anataka nini? Jana nimempungia mkono pale dukani, hatua tano, kanipita kama mti. Juzi vilevile. Kwa sababu sikutaka kufungiwa chumbani na madawa yake ya picha nikataka mpira, ndiyo nimekuwa si mwanawe?"

"Labda hakukuona," nikasema.

"Mpiga picha asione? Niondokee! Ijumaa naondoka, na simuagi."

Niliuma ulimi. Kiapo ni kiapo. Lakini nililala vibaya siku zile, nawaambia kweli.

Mechi ya mwisho ya Kombo ikapangwa Jibondo, kwetu, wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na kujaa sana. Kwenye mkanda wa ofisi ilikuwa imebaki picha moja. Moja tu. Mzee Shaibu akasema anakuja na yeye. Tulivuka kutoka Utende, timu kwenye mashua yake na sisi kwenye ngalawa ya mjomba wangu, mzee amenishika bega, anajifanya ananitania ili watu wasione kwamba ninamwongoza.

Jibondo ni jabali tupu, uwanja wa nyasi tungeutoa wapi? Tulikuwa tunacheza kwenye mchanga, maji yakitoka. Goli ni miti ya mikoko, miwili huku, miwili kule. Timu zikibadilishana upande, kipindi cha pili Kombo angedaka goli la upande wetu. Basi nikachagua jiwe langu juu ya ufukwe, nikapima kwa mshipi mpaka lile goli: pima kumi na tano kamili. Vifundo vitatu. Nikamsimamisha Mzee Shaibu kando ya mlingoti wa goli, upande wa bahari, maana huko hakuna msongamano wa kumsukuma.

"Kipindi cha pili atakuja hapa?" akauliza.

"Hapa hapa, mzee. Usiondoke."

"Siondoki."

Kipindi cha kwanza nilimpiga tupu golikipa wetu, bila kubonyeza, kuzoesha kidole. Mapumziko nikakimbia kumwamkia mama. Mnajua mama zenu. Shikamoo yenyewe haijaisha, sahani ya wali na pweza iko mbele. Nikala harakaharaka, nikasikia kelele za kipindi cha pili kimeanza, nikatoka mbio na tonge mdomoni, nikaruka kwenye jiwe langu.

Na hapa ndipo mnicheke, mna haki. Mimi mtoto wa Jibondo, niliyezaliwa pale, niliyebeba miti ile ya mikoko begani tangu nikiwa na miaka minane, nilisahau kitu ambacho hata kuku wa Jibondo anakijua. Maji yakianza kujaa, wakati wa mapumziko uwanja unahamishwa. Vijana wanang'oa goli, wanalipandisha juu kwenye mchanga mkavu, mstari unachorwa upya kwa kisigino, mpira unaendelea. Watu wanahama nao. Ukifika umechelewa unaona kila kitu kimekaa kama kilivyokuwa.

Nikaweka jicho kwenye kamera. Kombo alikuwa amejaa kioo kizima, mkubwa huyo! Badala ya kujiuliza kwa nini amekuwa mkubwa, nikafurahi. Nikagusa vifundo vitatu, nikabana viwiko. Mshambuliaji wetu, kinyozi mmoja mwenye shuti la punda, akaachia. Kombo akaita "Wangu!", akaruka, mwili wote hewani, mikono imefika kwenye mpira. Chak!

Ufukwe mzima ukalipuka, hata sisi wa Jibondo tukasahau tuko upande gani. Nikateremsha kamera nikicheka, na hapo ndipo nilipoona. Goli lilikuwa karibu yangu, pima nane, haifiki tisa. Na kule nyuma, pale goli lilipokuwa mwanzo, Mzee Shaibu amesimama peke yake, maji yamemfika magotini, suruali imelowa, hajaondoka. Nilishuka kwenye jiwe nikakimbia nikamtoa majini.

"Mzee, mbona hukuniita?"

"Uliniambia nisiondoke. Sauti yake nikaisikia iko mbele, nikadhani ni upepo." Kisha akanibana mkono. "Umempata?"

Nilimwambia nimempata. Hakunijibu mwongo, maana kwa kelele zile pete hakuisikia.

Niliisafisha picha Jumatano. Ilipoanza kutoka ndani ya dawa nikajua. Kombo alikuwa moshi. Mrefu, mzuri, umeruka, lakini moshi mtupu, huwezi kujua ni Kombo au ni shuka imeanikwa. Aliyetoka safi, safi mpaka kushona kwa kofia ya viua kunaonekana, ni Mzee Shaibu. Yuko kwenye maji, ameinua mikono yote miwili juu, anacheka na mdomo uko wazi, na machozi yanateremka mashavuni. Macho yake hayamtazami Kombo. Yanatazama pembeni kidogo, pale sauti ilipotokea. Alikuwa amesimama pima kumi na tano kutoka jiweni kwangu, mahali hasa palipotegwa lenzi. Mimi na yeye tulikuwa tumekosea kosa lilelile.

Nililia mle ndani, sifichi. Mtu alikuwa na jicho moja na ombi moja. Nikaitundika picha kwenye kamba, nikafungua mlango ipate mwanga, nikawa natafuta la kumwambia.

Aliyeingia wa kwanza alikuwa Kombo.

"Nasikia umenipiga pale Jibondo. Kesho kutwa naondoka, nionyeshe nicheke."

Nikanyoosha kidole. Akasogea.

"Mimi ndiye huu moshi? Bakari, nawe! Kazi gani hii?" Akacheka, kisha akaacha. Akaikaribia picha mpaka pua iliigusa. "Huyu ni baba."

"Ni yeye."

"Alikuja? Mimi sikumwona. Anafanya nini majini?"

"Anakungoja."

"Ananingoja wapi huko? Goli si lilihama?"

Sasa niambieni nyie, ningesema nini? Niliapa kutosema habari ya macho. Lakini kile alichokiuliza kilikuwa mbele yake, kimetoka safi kuliko picha zote nilizowahi kupiga.

"Hakuona kwamba limehama," nikasema.

Kombo alinitazama. Mimi nikatazama beseni la dawa. Nilimsikia anavuta pumzi, anahesabu moyoni siku zote zile za dukani na njiani na mkono aliopunga.

Nje tukasikia kikohozi na fimbo. Mzee Shaibu akaingia akipapasa kizingiti kama kawaida yake.

"Bakari, uko na nani?"

Kombo alikuwa hatua mbili mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Mara..." Sauti ikamkatika. "Marahaba. Kombo? Uko wapi?"

"Niko hapa, baba. Mbele yako. Kwa nini usiniambie?"

 Mzee alinyoosha mikono, Kombo akaiinamia akaweka uso wake kati ya viganja vile. Na yule mzee akafanya kile alichokifanya maisha yake yote. Akauvuta ule uso karibu, mno. Akausogeza nyuma kidogo. Akauvuta tena nusu kidole, akaugeuzia kwenye mwanga wa mlango, upande wa jicho la kushoto.

"Hapo hapo," akanong'ona. "Usitikisike." Akakaa anautazama. "Umeota ndevu."

"Mwaka jana, baba."

"Mwaka jana! Na mimi sina habari."

Waliondoka wote wawili Ijumaa, boti moja. Mzee alipasuliwa huko Dar, jicho la kushoto likapona nusu, na nusu ile ilimtosha kurudi kuja kunitukania picha zangu miaka mingine kadhaa. Ile ya majini Kombo alikwenda nayo, akaitia kwenye fremu. Nilipomtembelea Dar niliikuta sebuleni, na moshi wake uko palepale.

Lakini siku ile, wakiwa bado wameshikana pale mlangoni, kamera ilikuwa mezani na lenzi ndefu, haina mkanda. Niliichukua. Lenzi ile mtu akiwa karibu sana haimwoni, ikabidi nirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nikatia jicho. Sikutafuta, pete ilikwenda mara moja ikasimama. Kila unywele wa ndevu zile niliuona, na vidole vya mzee vimeushika uso.

Chak.

"Umempata?" akauliza Mzee Shaibu, bila kugeuka.

"Nimempata, mzee."

Safari hii pete alikuwa ameisikia. Hakuniambia nirudie.